Oili ya Boti

Moshi ulianza kutoka kwenye sauna ya Hilkka, kibanda chake cha kuogea mvuke, siku ya Jumatano, saa tisa alasiri. Taisto Kinnunen aliuona akiwa dirishani kwake, kikombe mkononi, na kahawa ikamshinda kunywa. Ingekuwa Jumamosi asingejali. Jumamosi kila sauna ya Kuikkaniemi hutoa moshi, hata ya mzee Nestori ambaye yeye na maji haziivi. Lakini sauna ya katikati ya wiki huwashwa kwa sababu moja tu: kuna mtu kafanya kazi kwenye nyumba ile, kalowa jasho, na mwenye nyumba anataka kumshukuru inavyopasa. Kwa miaka minne mtu huyo alikuwa Taisto, na siku hiyo Taisto hakuwa amefanya kazi yoyote isipokuwa kumlisha paka.

Alisimama pale mpaka mlango wa sauna ulipofunguka. Akatoka mwanamume mrefu, kifua wazi, mvuke ukimfuka mabegani, akasimama juu ya theluji bila viatu kama kijana wa miaka ishirini. Alikuwa Ensio Lappalainen, mwenye miaka sitini na tatu, fundi wa injini za meli aliyestaafu, aliyerudi Oktoba iliyokuwa imepita kuishi kwenye nyumba ya marehemu mama yake ng'ambo ya ghuba. Siku hiyo alikuwa amekwenda kumzibulia Hilkka bomba la maji lililoganda. Hilkka akatoka jikoni, akampa taulo, akarudi ndani. Hilo tu, taulo, lakini Taisto akaliweka moyoni.

Tuseme kweli: kati ya Taisto na Hilkka hakukuwa na chochote, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Urho, mume wa Hilkka, alipofariki, Taisto alikwenda Machi ile na msumeno wake wa mnyororo, akaangusha miti ya betula, akaikata, akaipasua, akazipanga kuni nyuma ya ghala zikauke kungoja baridi ya mwaka unaofuata. Hakuombwa. Machi iliyofuata akaenda tena, na iliyofuata tena. Malipo yalikuwa yale ya desturi, kwanza sauna, kisha mezani, kahawa na maandazi ya iliki, kwenye kiti cha upande wa dirisha. Na kuhusu kiti kile Taisto alikuwa na mpango. Siku moja angekikalia bila kuni yoyote kukatwa, na angesema neno. Neno lenyewe alikuwa akilitayarisha kwa miaka minne. Watu wa mkoa ule wa Savo wana sifa ya kulizungukazunguka jambo bila kulikanyaga, na katika hilo Taisto alikuwa Msavo wa kuzaliwa na kulelewa.

Sasa kiti kile kilikuwa na Ensio. Kutoka dirishani kwake Taisto hakuweza kuona ndani ya jiko la Hilkka, lakini mwenye wivu hahitaji kuona. Alijua kabisa Ensio amekula maandazi mangapi. Matatu.

Ijumaa akaenda dukani kwa Martta kununua tumbaku. Duka la Martta lina kila kitu, na posta iko humohumo ndani. Kwenye rafu ya nyuma, kati ya nyavu za samaki na mipini ya shoka, ndipo zinapopangwa oili. Pale alimkuta Hilkka, miwani puani, chupa mkono huu na chupa mkono huu.

"Taisto. Mungu kakuleta," alisema Hilkka. "Nisaidie. Nataka oili ya kuchanganya na petroli, ya msumeno wa mnyororo. Hapa naona chupa mbili, na zote zimeandikwa tu-stroki."

"Msumeno gani? Wewe huna msumeno."

"Wa Urho."

Msumeno wa Urho ulikuwa umetundikwa ghalani kwa Hilkka tangu mazishi, umefungwa ndani ya shati la Urho mwenyewe. Alikuwa ameuona mara nyingi alipokwenda kuchukua kabari za kupasulia. Hakuwahi kuugusa, wala hakuwahi kuambiwa auguse.

"Unauuza?"

"Nauuzaje? Ensio ndiye atautumia. Ile tufani ya Februari imelaza betula saba kule ufukweni, na lazima zitoke kabla barafu ya ziwa haijayeyuka zikazama. Yeye hana msumeno. Nikamwambia, basi chukua wa Urho, unalala tu pale."

"Na mimi nimekufa?"

Alilisema kwa mzaha, na Hilkka akalipokea kwa mzaha. "Wewe una mgongo, bwana. Mwaka jana ulitoka sauna kwa magoti, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Nimesema mwaka huu mzee wa watu apumzike."

Mzee wa watu. Ensio alimzidi miaka mitano.

"Na huyo fundi wa meli, oili haijui?"

"Ndiye aliyeniambia nikuulize wewe. Kasema yeye kazoea injini kubwa kama nyumba, hizi ndogo mwenyewe ni Taisto. Kasema, atakayochagua Taisto ndiyo hiyohiyo."

Maneno hayo yangeupoza moyo wa mtu mwingine. Taisto yalimchoma zaidi, maana mtu anayekusifu nyuma ya mgongo wako hakuachii hata pa kumchukia.

Chupa zile mbili alizijua kama anavyojua vidole vyake. Ya kijani ilikuwa ya misumeno. Ya bluu ilikuwa ya injini za boti. Kuikkaniemi kila nyumba ina boti na kila nyumba ina msumeno, na kila baada ya miaka michache hakosekani mtu wa kuutilia msumeno oili ya boti iliyobaki kiangazi, kwa uvivu tu wa kwenda dukani. Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa, joto halijui. Msumeno unapozwa na upepo wake wenyewe, na ukikata betula mbichi kutwa nzima unachemka hasa. Oili ya boti haistahimili joto lile. Inageuka gundi, ringi zinashikana, pistoni inakwaruzika, na mwisho inang'ang'ania ndani ya silinda, mashine imekufa. Wazee wa pale husema, siku za kwanza inaimba, siku za mwisho inalia. Taisto mwenyewe aliuua hivyohivyo msumeno wa baba yake akiwa na miaka kumi na tisa, na kofi alilopigwa siku ile anaweza kukuonyesha mpaka leo lilipotua.

"Hii," akasema, akaigusa ya bluu.

Hilkka akasogeza miwani. "Hii ina picha ya boti."

"Kwani petroli inajua kama iko ziwani au msituni? Tu-stroki ni tu-stroki. Picha ni pambo."

"Na hii ya kijani ina picha ya msumeno."

"Hiyo wanakuuzia picha. Huoni bei yake?"

Hilkka akamtazama, mara moja tu, kisha akairudisha ya kijani kwenye rafu. "Ukisema wewe, yameisha. Napima kiasi gani?"

"Desilita moja kwa lita tano za petroli," alisema Taisto, na hilo lilikuwa kweli tupu. Huenda alilisema kwa usahihi ule ili abaki na kitu kimoja cha kujitetea nacho. Martta angekuwa karibu angecheka na kumwuliza kama amelewa asubuhi yote hii, lakini Martta alikuwa upande wa posta akibishana na mtu kuhusu kifurushi. Hilkka akalipa, akaitia chupa kikapuni juu ya samaki, akamshukuru mara mbili, akaondoka.

Hasidi hana sababu, husema watu. Taisto alikuwa nazo tatu na alizirudia njia nzima hadi nyumbani: taulo, msumeno wa Urho, na mzee wa watu. Alipofika mlangoni ndipo alipokumbuka kwamba hakununua tumbaku.

Jumatatu asubuhi msumeno ukaanza kunguruma ufukweni. Taisto alikuwa uani, akaacha koleo la theluji akasikiliza. Ulikuwa msumeno mzuri, na sauti yake ilikuwa ileile ya miaka ile Urho alipokuwa hai, ya chini, isiyo na papara. Hata mkataji alikuwa anajua kazi. Hakulazimisha, hakuubana mnyororo ndani ya mti, aliiacha mashine ipumue kati ya gogo na gogo. Taisto alitega sikio apate kosa hata moja la kumfariji, hakulipata. Saa tisa moshi wa sauna ukapanda.

Jumanne aliamua kwenda kusema. Maneno yalikuwa mepesi: Hilkka, macho yangu haya, nimekupa chupa ya boti, mwaga hiyo petroli uchanganye upya. Nani angemlaumu? Kukosea chupa ni jambo la kila mtu. Ungekuwa uongo mdogo wa kufutia uongo mkubwa, na msumeno ungepona. Akachukua chupa ya kijani kutoka kwenye karakana yake, yake mwenyewe, iliyobaki nusu, akaitia mfukoni mwa koti akateremka.

Alifika mpaka kwenye sanduku la barua la Hilkka. Kutoka pale akasikia wanacheka jikoni. Hilkka akifurahi sana ana kicheko kinachomponyoka puani, cha aibu kidogo, anakizuia kwa kiganja na kinamshinda. Kwa miaka minne Taisto alikuwa akiamini kwamba kicheko kile kinatoka kwa ajili yake tu. Sasa alisimama barabarani akakisikia mara mbili, na mara ya pili kikafuatiwa na sauti ya Ensio ikiendelea kusimulia kwa utulivu, kama mtu ambaye hana haraka ya kurudi kwake.

Akageuka. Chupa ya kijani akairudisha mahali pake.

Jumatano walikutana kwenye kituo cha mafuta. Pale kuna meza mbili na birika la kahawa lisilozimwa, na wanaume wa Kuikkaniemi wasio na la kufanya hulifanyia pale. Ensio akamwachia nafasi kwenye benchi.

"Mashine ile inakwenda vizuri sana," alimwambia Taisto. "Asante kwa oili."

"Usiilazimishe tu," alisema Taisto.

"Siilazimishi. Bado betula tatu."

Mzee Nestori, aliyekuwa akichovya mkate wake kwenye kahawa, akainua kichwa. "Taisto, mwaka huu umepewa likizo, eh? Au umefukuzwa kazi?"

"Mgongo."

"Ahaa, mgongo. Mimi mke wangu wa kwanza alinifukuza kwa sababu ya mgongo. Alisema kila akigeuka anaona mgongo wangu."

Wakacheka wote, Ensio naye, na Taisto akacheka mpaka taya zikamuuma. Akiwa anacheka alikuwa anafikiri kwamba betula tatu ni siku mbili, na siku mbili zinatosha.

Alhamisi mchana sauti ikabadilika. Ilipanda juu, ikawa nyembamba, kisha ikawa inazama pale injini ilipotakiwa kuvuta. Ensio akazima, akangoja, akawasha tena. Mtu wa injini kubwa angeweza kudhani ni kabureta. Katika ghuba ile nzima kulikuwa na mtu mmoja aliyejua sauti ile ni ya nini, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake amevaa kofia, mikono mapajani, akingoja.

Ijumaa, kabla ya saa tano, msumeno ukalia. Kisha kimya. Ikasikika kamba ya kuwashia ikivutwa mara moja, haikuvutika, na baada ya hapo hakikusikika kitu tena ila kunguru. Kimya kile Taisto alikifurahia kwa muda wa dakika kumi hivi, na sitaficha: alikifurahia kweli.

Jioni ya siku ile kituoni, Ensio alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa. "Nimeua msumeno wa Urho. Niliulazimisha, na mnyororo ulikuwa butu."

"Fundi wa meli kaja kuzamia nchi kavu," alisema Nestori, na meza zote mbili zikaangua kicheko. Mwingine akamwuliza amezamisha meli ngapi kabla ya kustaafu. Mwingine akasema asisogezwe karibu na birika la kahawa. Ensio alitabasamu akikorogakoroga kikombe chake. Taisto alijua mnyororo haukuwa butu, alikuwa ameusikia siku tano. Hata hivyo naye akatia lake.

"Injini kubwa kama nyumba," alisema, na wakacheka upya.

Jumamosi asubuhi Hilkka akapanda kilima hadi kwa Taisto. Hakuwa amefika nyumbani kwake tangu mwaka juzi. Alikuwa amebeba msumeno mikononi, umefungwa ndani ya shati, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ensio anasema ameuunguza," alisema. "Nimemwambia asije kwangu kwa sasa. Sikumtukana, lakini nimemwambia hivyo. Wewe ufungue uone kama utapona."

"Weka hapo mezani."

"Ningekuachia wewe kazi hii isingetokea. Nikaanza habari za mgongo." Alilishika shati, akalilainisha kwa kiganja, halafu akalitoa na kulikunja akaenda nalo. Mlangoni akageuka. "Jumatano njoo, nitawasha sauna. Hata kama hautapona."

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyataka. Ensio kaondolewa, sauna ya Jumatano imerudi, kiti kimerudi. Taisto akajaribu kuyafurahia. Aliwasha redio, akaizima. Mwishowe akatoa bisibisi na kuufungua msumeno, ingawa alijua atakachokikuta. Silinda ilipotoka, akaiona pistoni imechanika michirizi ubavuni, na ringi zimezama kwenye gundi ya kahawia, hazisogei hata kwa ukucha. Msumeno ulikuwa wa zamani, vipuri vyake havitengenezwi tena. Akaufunika kwa gazeti.

Jumapili, baada ya kengele ya kanisa, mtu akabisha kwenye mlango wa karakana. Alikuwa Ensio. Hakuingia mpaka alipokaribishwa, na alipoingia akalitazama gazeti mezani.

"Umeufungua."

"Nimeufungua."

"Gundi kwenye ringi."

Ensio akakaa juu ya kigogo cha kupasulia kuni, akavua glavu zake, akaziweka gotini.

"Ijumaa nilipourudisha ghalani niliiona chupa," alisema. "Hilkka ndiye alikuwa ananichanganyia, mimi napokea galoni tu. Nikaisoma. Nimefanya kazi ya injini miaka thelathini na tisa, Taisto. Picha ya boti naielewa."

"Na hukumwambia."

"Nimwambie nini? Kwamba Taisto oili haijui? Hataniamini. Kwamba Taisto anaijua?" Akazigeuza glavu gotini. "Hilkka aliniambia, tangu Urho afe kuna mtu mmoja tu hapa ambaye akimwuliza jambo hamwulizi mara ya pili. Sikuona faida ya kumnyang'anya huyo mmoja. Mimi kuchekwa nimezoea. Nimeishi na mabaharia."

"Sasa umekuja kutaka nini?"

"Sitaki kitu. Sikutaka tu niwe nakutana nawe barabarani najifanya sijui. Hiyo kazi siiwezi." Akavaa glavu zake, moja baada ya nyingine, akainuka. "Betula moja imebaki kule. Uitoe kabla barafu haijaachia. Mimi sina ruhusa."

Akaenda zake. Taisto alizisikiliza hatua zake juu ya theluji mpaka zikaisha.

Mtu angedhani hapo wivu wake ungekwisha. Mpinzani kashindwa, kanyamaza, kaondoka, na siri imefukiwa mahali salama. Lakini Taisto alikaa pale na kitu kikampanda kifuani kikali kuliko cha taulo, kuliko cha kicheko. Kwa miaka minne alikuwa akiota kumfanyia Hilkka jambo moja kubwa, la kimya, lisilo na malipo. Na sasa jambo hilo limeshafanyika. Kalifanya Ensio. Kachekwa na kijiji kizima, kafungiwa mlango, ili Hilkka abakiwe na mtu wa kumwamini, na mtu mwenyewe ni Taisto. Kila Jumatano atakayokaa kwenye kile kiti, atakuwa amekalishwa na Ensio. Kila andazi litakuwa sadaka ya Ensio.

Ningependa kusema kilichomwinua ni toba. Toba ilikuwapo, sikatai, ilikuwa inamla tangu Ijumaa. Lakini kilichomvalisha koti na kumtoa nje ni kwamba hakuweza kuvumilia mtu yule amzidi na katika hilo pia.

Alimkuta Hilkka jikoni, unga mikononi, akisokota maandazi. Hilkka alipomwona alitazama nyuma yake, mikononi mwake, chini pembeni ya miguu yake, kama mtu anayetafuta kitu.

"Msumeno uko wapi?"

"Uko kwangu."

"Umekuja mikono mitupu?"

"Mikono mitupu."

Uso wa Hilkka ukalegea kwa namna ambayo Taisto hakuielewa wakati ule. Akanawa unga haraka, akatoa vikombe viwili, vile vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo Taisto alikuwa akiviona kabatini tu, akamimina kahawa. Akamwonyesha kiti cha dirishani. Taisto akabaki amesimama.

"Ile oili ilikuwa ya boti," alisema. "Ndiyo iliyoua msumeno. Ensio hakukosea kitu. Mnyororo ulikuwa mkali, nilikuwa nausikia. Anajua ni oili na kaamua kubeba yeye."

Hilkka akaweka birika chini. "Ulikosea chupa."

Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili yake. Angeitikia tu, mambo yangekwisha pale.

"Sikukosea."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Palepale dukani, nikiwa nakuuliza?"

"Palepale."

"Kwa nini?"

Neno alilolitayarisha kwa miaka minne lilikuwa refu na zuri, lilianza na habari za majira ya kuchipua. Halikutoka. Kilichotoka ni hiki:

"Ulimpa taulo."

Hilkka akakaa, yeye, kwenye kiti cha dirishani, na alipoanza kusema sauti yake haikuwa na hasira, na Taisto angetoa chochote iwe na hasira.

"Nenda ghalani kwangu ukahesabu kuni, Taisto. Ninazo za miaka sita. Mwanamke mmoja, jiko moja. Ulidhani nazichoma wapi? Kila Machi ulikuwa unakuja, unakata, unaoga, unakula, unasimulia habari za mnyororo, unakwenda. Nami nasema moyoni, mwaka huu atakuja siku moja bila msumeno. Mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili. Mwaka huu nikajisemea, hizi kuni ndizo zinazomfunga ulimi, acha nimpe kazi mtu mwingine, nimwambie apumzike mgongo, tuone kama atapiga hodi bila sababu." Aliufuta kidogo ukingo wa kikombe kwa kidole. "Leo umepiga hodi."

Taisto akafungua kinywa.

"Usiseme," alisema Hilkka. "Lile ungelisema Jumanne ile. Nilikuona kwenye sanduku la barua. Nilimwambia Ensio, yule kaja, na nikacheka kwa furaha kama mjinga. Halafu ukageuka."

Nje theluji ilikuwa ikidondoka matone kutoka kwenye paa. Hilkka akainuka, akajifunga upya aproni.

"Msumeno wa Urho umekufa, basi umekufa, ni chuma. Lakini nimemfungia mlango mtu ambaye hakunikosea. Nenda kituoni. Jumapili wanakuwa wote pale, na yeye atakuwepo, hana pengine pa kwenda. Simama mbele yao uwaambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze. Na la taulo uwaambie."

"Nikimaliza nirudi?"

Hilkka akakichukua kikombe cha Taisto, ambacho kilikuwa bado kinatoa mvuke, akakimimina chote kurudi kwenye birika, akakirudisha kikombe kabatini.

"Kahawa kanywe hukohuko," alisema, akarudi kwenye unga wake.